Mnarani: Msikiti Usio na Paa Si Msikiti?

Mwezi uliopita nilikuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Malindi. Matatu ilipofika juu ya daraja la Kilifi, kijana aliyekaa ubavuni mwangu alitoa simu akapiga picha ya hori na mashua zilizotia nanga. Kisha akanyoosha kidole upande wa kusini, kule kwenye mibuyu, akaniuliza, "Mzee, pale juu pana nini?"

Nikamjibu, "Pana mji."

Akatazama tena asione kitu ila miti, halafu akanitazama mimi kwa jicho la huruma, kama mtu amtazamavyo mzee ambaye akili imeanza kumwenda mbio. Nikataka kumweleza, lakini gari lilikuwa limekwisha kuvuka, na utingo alikuwa akidai nauli.

Sikumlaumu. Daraja lile lilifunguliwa mwaka 1991, na yeye kwa kumkadiria hakuwa amezaliwa. Sisi wa rika langu tuliijua Mnarani kwa sababu haikuwezekana tusiijue. Barabara ilikuwa ikikatika pale, na asiyekuwa na mabawa hakuwa na budi kungojea feri. Mabasi yalipanga foleni nyuma ya malori, abiria wakateremka kunyoosha miguu, na pale pakawa ni soko: korosho, mahamri, madafu, samaki wa kukaanga, mabuyu yaliyotiwa rangi nyekundu yakawapaka watoto midomo. Kungojea feri ya Kilifi ilikuwa ni sehemu ya safari, na watu waliizoea kama walivyozoea vumbi.

Mwishoni mwa Mfungo Sita mahali pale palibadilika. Huo ulikuwa ndio wakati wa watu kwenda Lamu kwenye Maulidi ya Riyadha na kumzuru Habib Swaleh, yule mwanachuoni aliyetoka Ngazija akaja akafundisha watu ambao wengine hawakutaka kukaa nao kitako. (Nasema ziara, sisemi hija, maana hija ni moja na mahali pake panajulikana.) Mabasi yalijaa hata juu ya mapaa. Wanawake walishuka na mabuibui yao na vikapu vya chakula, vijana wakashuka na matari, na pale pale kwenye foleni kasida ikaanza. Njia ilikuwa ni hiyo moja: Mombasa, Mtwapa, Mnarani, Malindi, Mambrui, kuvuka mto Tana pale Garsen kwa kivuko, kisha Mokowe, kisha mashua mpaka Lamu. Kila kituo katika njia hiyo kina makaburi ya watu wa kale. Na palipokuwa na nafasi watu walipanda, wakatoa salamu, wakasoma Fatiha, wakashuka kuwahi zamu yao ya feri.

Hivyo ndivyo nilivyoijua Mnarani. Mimi ni mtoto wa Kilifi, upande wa kaskazini wa hori, na nilisoma chuo kwa maalim mmoja ambaye, Mungu amrehemu, fimbo yake haikulala lakini moyo wake ulikuwa mpana. Alhamisi moja, siku ya mapumziko ya chuo, alituvusha feri watoto kumi na watatu. Nilikuwa na umri wa miaka tisa au kumi. Tukapanda ule mlima mkali kutoka ufukweni, tukatokea penye kuta za matumbawe na mibuyu mikubwa, nasi tukaanza kukimbizana kama watoto watolewao kifungoni. Maalim akatuita. Alikuwa amesimama penye uwazi wa mlango, akatuamrisha tuvue ndara.

Mwenzetu mmoja, mtundu kuliko sote, akasema, "Lakini Maalim, msikiti wenyewe hauna paa!"

Maalim akamwambia, "Na wewe ukivuliwa kofia utakuwa si mtu?"

Tukavua. Akaingia kwa mguu wa kulia, akaelekea kibla, akasali rakaa mbili za kuuamkia msikiti juu ya mchanga na majani makavu. Sisi tukamfuata. Nakumbuka mdudu alinipandia shingoni nami nikaogopa kumpangusa.

Sasa nieleze mji wenyewe, kwa faida ya kijana yule wa matatu na wenziwe.

Kilifi ya kale haikuwa mahali pamoja. Palikuwa na Mnarani, kusini mwa hori. Palikuwa na Kioni upande wa kaskazini. Na palikuwa na Kitoka, kwenye hori ya Takaungu. Watu walianza kukaa Mnarani tangu karne ya 14, ama kabla yake kidogo, wakakaa mpaka mwanzoni mwa karne ya 17. Katika miaka ya 1950 alikuja Mwingereza mmoja, James Kirkman, yule aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, akachimba hapa pia akaandika aliyoyaona. Msikiti mkuu ulioko ni wa karne ya 15, na chini yake pana misingi ya msikiti uliotangulia. Maana yake ni kwamba watu hawa walijenga, wakabomoa, wakajenga upya palepale, kwa kuwa mahali pa msikiti hapahamishwi ovyo.

Ajabu ya msikiti huu ni kibla chake. Katika miji ya kale ya pwani ya Kenya sijui pengine penye maandishi mengi ya Kiarabu yaliyochongwa katika matumbawe kama kibla hiki cha Mnarani. Na mchongaji hakuwa mtu wa mchezo. Yale matumbawe mororo hutolewa baharini yakiwa bado mabichi, na hapo ndipo yachongwapo, maana yakikauka huwa magumu. Kwa hivyo fundi alikuwa na muda wake. Akikosea herufi hana mpira wa kufutia. Mimi nimesoma khati tangu utotoni na bado baadhi ya maneno yale hunishinda, kwa jinsi yalivyosukwa na kwa jinsi yalivyoliwa na mvua. Aliyechonga alikuwa mwanachuoni au alikuwa amesimamiwa na mwanachuoni. Na walioingia kusali walikuwa wakijua kusoma, la sivyo tabu yote ile ya nini? Wenzetu wanaotuambia kwamba elimu ilikuja pwani pamoja na shule za kizungu waende wakakitazame kibla cha Mnarani.

Pana kisima kirefu kilichochimbwa katika mwamba. Pana birika la kutawadhia. Pana msikiti mwingine mdogo, mpya kuliko ule mkuu. Na pana makaburi, na miongoni mwake ni lile lenye nguzo ndefu ambalo ndilo lililopapa mahali jina.

Hapa nisimame kidogo. Watu wengi husikia "Mnarani" wakadhani ulikuwako mnara wa kuadhinia. Sivyo. Misikiti yetu ya kale katika pwani hii kwa kawaida haikuwa na minara. Muadhini alipanda juu ya sakafu akaadhini. Ulioitwa mnara ni ule wa kaburi. Wazee walikuwa wakiweka juu ya ukuta wa kaburi la mtu mkubwa nguzo ya mawe na chokaa, ndefu, nyingine ya mraba, nyingine ya mviringo, nyingine ya pembe nane. Makaburi ya namna hii yako Malindi, mawili, ubavuni mwa msikiti wa Ijumaa. Yako Gede, na huko lipo jingine lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399. Liko Mambrui, ambalo nguzo yake ilianguka mwaka 1934, na vipande vyake vikaonyesha mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kuwa mapambo. Yako Tongoni karibu na Tanga, na Kunduchi, na Kaole penye Bagamoyo. Liko Takwa katika kisiwa cha Manda, lenye mwaka wa 1094 wa Hijra, na watu wa Shela hufunga safari kulizuru wakamwomba Mungu mvua. Ukitoka Lamu ukishuka mpaka Bagamoyo, unaweza kuhesabu miji kwa nguzo za makaburi kama mtu ahesabuvyo tasbihi.

Mji wa Mnarani ulihamwa. Hutajwa mashambulizi ya Waoromo, ambao wazee wetu waliwaita Wagala, na hutajwa shida ya maji. Watu waliondoka, na msitu ukaja.

Basi, nikifika hapa najua kwamba baadhi ya wasomaji wamekwisha kukunja nyuso. Watasema: wewe mtu wa chuo, wasifu makaburi yaliyojengewa, na Mtume (s.a.w.) amekataza! Naam, amekataza. Hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Jabir ni maarufu, na mimi siwezi kuipindua wala sitaki. Imekatazwa kulipaka kaburi chokaa, na kulijengea. Wazee wetu walipaka chokaa, na walijenga. Walikuwa na hoja yao, au hawakuwa nayo. Hesabu yao iko kwa Mola wao, nao wamekwisha kuikabili. Mimi sikuitwa kuwa hakimu wao miaka 500 baadaye.

Lakini naomba tuisome hadithi hiyo yote. Humo mna mambo matatu, na la tatu ni kukaa juu ya kaburi. Ajabu yetu ni kwamba twagombana juu ya mawili ya kwanza, yaliyofanywa na watu waliokwisha kufa, na la tatu, linalofanywa leo na watu walio hai mbele ya macho yetu, hatulitaji hata kidogo. Nilipokwenda Mnarani mwaka jana niliwakuta wageni wawili, mume na mke, wamekaa juu ya ukuta wa kaburi wakinywa maji ya chupa. Walikuwa watu wema. Nilipowaambia kwamba humo amelala mtu, waliruka kama waliokaa juu ya siafu, wakaniomba radhi mara tano. Hawakujua. Kwao yalikuwa ni magofu. Muda si muda likaingia kundi jingine, na hili lilikuwa letu, vijana wenye majina kama ya wanangu, wakasimama ndani ya kibla na viatu vyao kupigana picha. Hao nao walidhani ni magofu.

Na hili ndilo jambo lililonitia kalamu mkononi. Neno magofu ni neno zuri kwa nyumba. Nyumba ikibomoka ni gofu, kwa sababu ilikuwa nyumba na sasa si nyumba. Je, msikiti nao ni hivyo hivyo? Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na katika madhehebu yetu jambo hili halina utata mkubwa. Mahali palipowekwa wakfu kuwa msikiti ni msikiti. Ukibomoka, ukikosa watu, ukikosa mtu wa kuujenga upya, bado ni msikiti. Hauuzwi, hautolewi zawadi, haurejei kuwa mali ya mtu. Kwa nini basi tumekubali kwamba pale Mnarani pana gofu la msikiti, badala ya msikiti uliobomoka? Tofauti ya maneno hayo si ndogo. La kwanza laingiwa na viatu. La pili laingiwa kwa mguu wa kulia.

Sitaki niwatwike mzigo huu watu wa Makumbusho ya Taifa. Wao ndio wanaofyeka majani, na lau si mkono wao mizizi ingekuwa imekwisha kuzila kuta zile. Gede imeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2024, nami nilifurahi kama mtu aliyesikia jina la ukoo wake likitajwa redioni. Kazi yao ni kulinda mawe, na mawe wanayalinda. Lakini hukumu ya msikiti si kazi yao, ni yetu. Je, nani katika sisi amewahi kwenda kuwaambia?

Hapana. Sisi tumegawanyika mafungu. Wako wasemao pale ni mahali pa shirki pasikaribiwe, nao hawaendi. Wako waendao usiku kwa siri, na vyungu na vitambaa vyekundu, kwa mambo yasiyohusiana na dini yoyote, hao siwatetei. Na lipo fungu kubwa kuliko yote, wapitao juu ya daraja kwa kilomita themanini kwa saa.

Na mimi nilikuwa katika fungu gani? Hilo sina budi kulisema, ingawa nimelificha miaka thelathini.

Alikuwako bibi mmoja pale Mnarani, jamaa ya mamangu kwa mbali, aliyeuza mabuyu na mahamri enzi za feri. Kila Alhamisi alasiri alipanda juu na fagio la chelewa, chupa ya marashi na chetezo kidogo cha ubani. Kila mtu alimjua. Feri ilipoondoka, biashara yake ilikufa, lakini kupanda hakuacha. Wakati huo mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimesoma vitabu viwili vitatu, nimeanza kuandika magazetini, na nimejaa hamasa. Nilikuwa nimekisoma kitabu cha Sheikh Abdalla Saleh Farsy juu ya bid'a, na nilikuwa nimesikia habari za Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui na gazeti lake la Al-Islah la miaka ya 1930. Wale walikuwa ni wanavyuoni wakubwa, makadhi wakuu wote wawili kwa nyakati zao, na walisema waliyoyasema kwa elimu. Mimi nilikuwa na hamasa yao bila elimu yao. Nikaandika makala katika gazeti moja nikawakejeli "washirikina wa Mnarani", nikataja fagio, nikataja marashi, nikataja Alhamisi. Jina sikulitaja. Lakini Kilifi ni mji mdogo, na fagio lile lilikuwa moja tu.

Makala ilisomwa barazani kwa sauti. Watu walicheka, na mimi nilikuwapo, nikacheka nao.

Bibi yule hakunijia wala hakumlalamikia mamangu. Aliacha kupanda, basi. Tulipokutana njiani aliniitikia salamu kama kawaida, akaniuliza hali ya nyumbani, akapita zake.

Alifariki miaka michache baadaye. Siku ya tatu, baada ya hitima, nilikaa na binti yake ukumbini, na katika mazungumzo nikamwuliza, kwa sauti ya mtu anayejiona mwenye haki, mamake alikuwa akiomba nini kule juu kwa wale maiti. Yule mama alinitazama akasema, "Kuwaomba? Mamangu alikuwa akiwaombea. Akisema, 'Hawa mji wao umehama, hawana mtoto wala mjukuu wa kuwasomea.' Alikuwa na Yasini yake moja kila wiki, na kufagia. Marashi ni kwa ajili ya msikiti, kwani we hukwambiwa na Maalim kwamba msikiti hutiwa manukato?"

Nilikuwa nimeambiwa. Maalim wangu alinifundisha hivyo hivyo.

Sikuwa nimemwuliza, msomaji. Nyumba yake na nyumba yetu hazikupita mwendo wa robo saa, na mimi niliandika maneno mia sita juu ya itikadi ya mtu ambaye sikumwuliza swali moja. Nilidhani nikiona moshi wa ubani nimekwisha kuona yaliyomo moyoni. Huenda katika waendao wako waombao makaburi badala ya kumwomba Mungu. Huenda hata leo wako, na hao wafundishwe. Bibi yule hakuwa mmoja wao. Na tangu alipoacha, vile vikaburi vidogo visivyo na nguzo, vilivyokuwa pembeni, ambavyo yeye pekee ndiye aliyejua viko wapi hasa, vimefunikwa na majani. Nimevitafuta mara mbili. Nilipata kimoja, na si hakika kuwa ndicho.

Nikirudi kwenye shauri. Wenzetu wa Ulaya hawakosi la kutufunza katika mambo haya. Huko Ufaransa viko vijiji vidogo vya shamba, vingine vyenye makaburi ya mawe makubwa yaliyowekwa na watu wa kale kabla ya Nabii Issa kuzaliwa, na katikati yake zapita njia za kale za Wakristo waendao kwa miguu kuzuru Santiago de Compostela kule Uhispania. UNESCO iliziandika njia hizo mwaka 1998. Msafiri hupita kijijini na mkoba mgongoni, hulala, hula, huuliza jina la mahali, hutia muhuri katika kitabu chake, kesho yake huondoka. Kijiji hukumbukwa kwa sababu mtu hukipita kwa miguu. Sisi njia yetu ya ziara ilikuwako, na hatukuipoteza kwa vita wala kwa fatwa. Tuliipoteza kwa daraja. Silichukii daraja; mgonjwa wa Kilifi anayepelekwa Mombasa usiku hahitaji kungojea feri, na hilo pekee latosha. Nasema tu kwamba tulipopata lami tulisahau kuweka kituo.

Lakini kwa nini niende mbali mpaka Ufaransa? Jirani zetu Wamijikenda wako hapa hapa. Makaya yao yaliandikwa na UNESCO mwaka 2008. Nenda Kaya Kinondo, kule Diani, uone. Mgeni, awe balozi, awe mtalii wa hoteli kubwa, hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia msituni, huambiwa la kufanya na la kutofanya, naye hutii, tena hufurahi, kwa sababu mgeni mwenye akili hupenda kuonyeshwa adabu ya mahali. Wazee wa kaya hawakungoja serikali iwatungie adabu yao. Walikuwa nayo, wakaisema. Sisi wenye vitabu maktaba nzima, tumeshindwa kusema "vueni viatu"?

Ningependa kuona pale penye uwazi wa mlango, ambapo Maalim alisimama, pamewekwa ubao mdogo na rafu ya mbao ya viatu. Gharama yake haifiki bei ya mbuzi. Ubao useme kwa Kiswahili, kisha kwa lugha za wageni, kwamba huu ni msikiti, na hayo ni makaburi ya Waislamu, yasikaliwe. Masheikh wa Kilifi na Takaungu wakae kitako na watunzaji wa mahali, kwa wema, wakubaliane. Na walimu wa vyuo vya pande hizi wawapeleke watoto walau mara moja kwa mwaka, wakawaonyeshe kibla kile, wawaachie wajaribu kusoma maandishi yake kwa kidole hewani. Mtoto aliyeona herufi za babu yake zimechongwa katika jiwe huketi chuoni kwa namna nyingine.

Na watakaokwenda, waende na salamu ile tuliyofundishwa kuwapa watu wa makaburini. Mtume (s.a.w.) alikuwa amekataza kuzuru makaburi, kisha akaruhusu, na sababu aliyoitaja ni kwamba yakumbusha akhera. Hilo halihitaji marashi wala ubani. Mimi nilipokwenda mara ya mwisho nilisimama mbele ya ile nguzo, na kwa kuwa ushairi ni ugonjwa usio na dawa, nikatoka na ubeti huu:

Nasimama mnarani, mbele ya malazi yenu,
Majina siyabaini, limelika jiwe lenu,
Salamu ziwafikeni, nyinyi na wazazi wenu,
Nasi twaja nyuma yenu, apendapo Maulana.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilivuka tena. Kabla ya kupanda nilipitia sokoni nikanunua fagio la chelewa. Bawabu alinitazama akaniuliza fagio lile ni la nini, nami nikamweleza, kwa urefu kidogo, pengine kwa urefu mno, kwa maana jua lilikuwa kali na yeye alikuwa amesimama. Alinyamaza. Kisha akanikatia tikiti kama amkatiavyo kila mtu, akaniambia nipite nalo, ila nisifagie karibu sana na kibla, kwa sababu chokaa pale ni laini.